Historia ya Fundi Msasa, Aliyeijenga Mbayuwayu

Ndugu, majirani, mafundi waliofanya kazi na marehemu na nyote mliokuja kutusaidia kumsindikiza, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Aliyepewa kazi ya kusoma historia hii ni dada wa marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, karani mstaafu, naye anaomba radhi mapema endapo sauti itamkatika, maana karatasi hii ameiandika mara nne, na kila mara amefika mahali pale pale akaweka kalamu chini.

Marehemu aliacha agizo. Alilitoa akiwa kitandani hospitalini, tarehe 19 Januari mwaka huu wa 2023, kwa dada yake huyu, binti yake akiwa amesimama dirishani, na alitaka historia yake isianze na tarehe ya kuzaliwa kama zinavyoanza za watu wengine, bali ianze na hili, kwamba mashua ndogo ya tanga inayoitwa Mbayuwayu, ambayo wengi wenu mmeipanda, mmeijenga au mmejifunzia, na ambayo kwa miaka arobaini na mitatu imejulikana kuwa imetoka kichwani mwake, haikuchorwa na yeye. Ilichorwa na mke wake. Yeye aliijenga tu, na hilo neno "tu" ni la kwake mwenyewe, dada yake alipotaka kuliondoa alimkatalia.

Tunaomba utulivu. Tunajua wapo hapa watu ambao mashua zao zina kibao cha shaba chenye jina lake, na tunajua wengine mmekuja kutoka mbali kumuaga mbunifu. Hatukuja kumvua nguo kaka yetu kwenye kaburi lake, tumekuja kumzika kama alivyoomba azikwe, na sasa tutaendelea kwa mpangilio.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1948, mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa seremala wa milango na madirisha na mama akiwa mfua nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoungana na karakana kwa mlango ambao haukuwahi kufungwa, kwa hiyo vumbi la mbao liliingia hadi kwenye kopo la sukari, na watoto wote watano walikua wakiamini kwamba chai ya kila nyumba ina ladha ya mbao. Jina la Msasa alilipata akiwa na miaka saba. Baba alimpa kipande cha msasa ili akae kimya, naye akakaa na mguu mmoja wa kiti cha mteja kuanzia asubuhi hadi alasiri, akiusugua kwa moyo wote, mpaka kiti kikalala upande. Baba hakumchapa, alichukua msumeno akaikata miguu mitatu iliyobaki ilingane na ule, kiti kikapelekwa kwa mwenyewe kikiwa kifupi, na baba akasema, "Mwambieni ndiyo mtindo mpya."

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akakaa mwaka mmoja nyumbani akimsaidia baba, kisha akaingia shule ya ufundi mwaka 1965 na kuhitimu Novemba 1967 akiwa na cheti cha useremala cha daraja la kwanza. Cheti hicho kilikuwa na doa moja ambalo hakulificha kamwe, tena alipenda kulisimulia, kwamba katika somo la uchoraji wa ramani alianguka mara mbili, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti, "Mikono yake haina mfano. Anaona kitu kilivyo, haoni kitakavyokuwa."

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa katika karakana ya mashua kando ya ziwa, ile yenye paa la bati na ngazi ya mbao ya vidato kumi na kimoja kwenda ofisi ya wachoraji juu, na humo alifanya kazi miaka thelathini na minne, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2001. Alianza kwa kufagia takataka za randa, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi mwaka 1977, na wale waliofanya kazi chini yake, tunawaona hapa mbele, wanakumbuka kwamba hakuwa mtu wa kelele, akiona ubao haukukaa sawa aliupitisha kiganja tu, akakuangalia, nawe ukaubandua bila kuambiwa.

Mwezi Juni 1970 alikuja kazini msichana aliyekuwa mwanamke pekee katika darasa lake la uchoraji wa ramani, akawekwa ofisi ya juu kunakili michoro ya pantoni za chuma, na kwa kuwa siku zote alikuwa amechomeka penseli kwenye nywele, na nyingine mbili mfukoni, mafundi walimwita Penseli, jina ambalo alilikubali na kulibeba hadi mwisho. Siku moja marehemu alipanda ngazi na karatasi mkononi, akalalamika kwamba ramani haieleweki. Penseli aliitazama karatasi, akaitoa mikononi mwake, akaigeuza, akamrudishia.

"Umeishika kichwa chini, fundi."

"Nilikuwa najiuliza kwa nini usukani uko mbele," akajibu.

Tangu siku hiyo kila ramani iliyofika chini ilipandishwa juu kuulizwa, hata zile zilizokuwa wazi kama mchana, mpaka mafundi wakaanza kumhesabia vidato vya ngazi kwa sauti, na tarehe 16 Desemba 1972 wakafunga ndoa. Walipanga vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate, na tarehe 27 Septemba 1974 wakapata binti, ambaye ndiye mtoto wao wa pekee, kwani baada yake mimba mbili ziliharibika, na hilo walilibeba wao wawili bila kumwambia mtu.

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika kwenye mashua.

Mwezi Oktoba 1979 chama cha waendesha mashua kilitangaza shindano la kubuni mashua ndogo ya mbao, isiyozidi urefu wa mita nne, nyepesi kiasi cha watu wawili kuibeba kutoka majini hadi nyumbani, salama kwa mtu anayejifunza, na rahisi kiasi kwamba mtu mwenye randa, msumeno na subira angeweza kuijenga uani kwake. Mwenye karakana alimwita marehemu akamwambia anataka ramani mezani kabla ya Machi. Marehemu alitoka ofisini amenyong'onyea, maana kujenga alijua, kubuni hakujua, na alipofika nyumbani alimweleza mkewe mambo yote huku akila, na mkewe akamwuliza maswali matatu tu, nani ataipanda, ataishika wapi akiogopa, na akianguka majini atarudi ndani kwa upande gani. Marehemu alisema kwamba kwa miaka yote aliyojenga mashua hakuwahi kumsikia mtu akiuliza la tatu.

Jumamosi iliyofuata alimkuta anachonga mche wa sabuni kwa kisu cha jikoni.

"Sasa tutafulia nini?" akauliza.

"Tutafulia vipande," mkewe akasema, na hakuinua macho.

Alichonga miche minne ya sabuni hadi akapata umbo alilolitaka, kisha akalitoa upya kwenye kipande cha mbao laini, upande mmoja tu wa mashua, kama samaki aliyepasuliwa katikati, na kutoka kwenye kipande hicho akapima mistari yake yote na kuihamishia kwenye karatasi, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kila Jumapili mchana kutwa. Walibishana sana. Marehemu aliona mashua imekuwa pana mno kiunoni, akasema inafanana na beseni, na mkewe akamjibu, "Nitajie mtu mmoja aliyezamishwa na beseni." Yeye alitaka mbao kumi kila upande kama alivyozoea, mkewe akataka sita pana, akaonyesha jinsi zitakavyopinda bila kulazimishwa, na fundi akaenda kimya kimya kulijaribu jambo hilo kwa vipande vya kadibodi, akarudi akasema, "Sita zinatosha." Hapo Penseli alicheka, na marehemu alimwambia dada yake, pale hospitalini, kwamba kicheko kile angeweza kukichora, yeye asiyejua kuchora.

Ili mashua ijengwe bila kukosea, mistari yake ilibidi ichorwe sakafuni kwa ukubwa wake halisi, na sebule yao ilikuwa na urefu wa mita tatu na nusu, kwa hiyo walitoa viti vyote nje, pua ya mashua wakaichora chini ya dirisha, na sehemu ya nyuma ikapita mlangoni hadi kwenye ujia wa wapangaji. Kwa wiki tano wageni waliingia wakitembea kwa kuambaa ukuta, na jirani wa chumba cha pili aliyekuwa akipiga deki aliombwa na mtoto wa miaka mitano, kwa heshima zote, asifute usukani.

Kisha ikaja zamu ya marehemu, na hapa hatumpunguzii chochote, maana haki yake hapa ni kamili. Aliuchagua mwenyewe mti wa mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa mashua, akakaa nao siku mbili akiugongagonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuutia msumeno. Mbavu alizipika kwa mvuke ndani ya sanduku refu la mbao lililounganishwa kwa mpira na pipa la maji yanayochemka, akazitoa moja moja na kuzipinda kwa mikono akiwa amevaa glavu mbili mbili, na sita za kwanza zilipovunjika hakumlaumu aliyechora, alitafuta mti mbichi zaidi, akaupasua badala ya kuukata, ili nyuzi zake ziwe nzima kutoka ncha hadi ncha, na tangu hapo haukuvunjika hata ubavu mmoja. Misumari ya shaba mia nane aliipiga kwa mkono wake, mkewe akiwa upande wa ndani ameshika chuma cha kukingia, nyundo na chuma vikigongana ubao ukiwa katikati, na wale waliokuwa wakipita nje ya karakana Jumapili walisema ilikuwa kama watu wawili wanaozungumza.

Tarehe 3 Machi 1980, siku ya kupeleka ramani, mwenye karakana alimwita marehemu ofisini. Karatasi zilikuwa mezani, na kwenye pembe ya chini ya kila moja, upande wa kulia, kulikuwa na herufi mbili za jina la aliyechora.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

"Za mke wangu."

"Watasema tumewapelekea kazi ya karani wa kunakili. Weka zako, mambo yakitulia tutarekebisha."

Akamsogezea wembe, ule wanaoutumia wachoraji kukwangulia wino uliokosewa. Marehemu hakulazimishwa, na alitaka hilo lisomwe, kwamba hakushikiwa bunduki, hakutishiwa kazi, aliambiwa tu, naye akakaa kwenye kiti na kukwangua herufi mbili kutoka kwenye karatasi saba, kisha akaandika zake. Alisema haikumchukua hata nusu saa, na kwamba ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake.

Hakumwambia mkewe. Tarehe 12 Aprili 1980 Mbayuwayu iliteremshwa majini mbele ya watu wengi, ikashinda mashua nyingine tano, ikageuka kwenye upepo mdogo ambao nyingine zilisimama, na alipotumbukizwa mtu majini makusudi ili kujaribu, alirudi ndani kwa nyuma, kwenye kidato kidogo alichokichora Penseli kwa ajili hiyo, bila kushikwa mkono. Ramani zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao barazani kwa chama. Penseli alisogea kuzitazama, binti yao akiwa amemshika kidole, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya karatasi ya kwanza, pale ilipokuwa nyembamba kuliko kwingine. Wakati huo huo mwenye karakana alikuwa ameshika bega la marehemu akiwaambia wakubwa wa chama, "Mwenye kichwa ndiye huyu." Watu wakapiga makofi. Penseli akapita karibu na mumewe, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesifu kazi ya fundi mwenzake, "Umekwangua vizuri, karatasi haikutoboka," akaendelea kutembea.

Jioni ile marehemu alirudi nyumbani akiwa ameyapanga maneno, akakuta meza imeandaliwa, na mazungumzo yakawa ya viatu vya shule vya mtoto. Alingoja mkewe alianze jambo lile, mkewe naye akangoja alianze yeye, na hivyo ndivyo walivyoishi miaka thelathini na mitano, katika nyumba isiyokuwa na ugomvi, wakiulizana kama chumvi imekolea.

Penseli aliendelea kunakili pantoni mpaka mwaka 1986, akaacha kazi, akanunua cherehani nzito na kuanza kushona matanga, na kwa sababu Mbayuwayu zilikuwa zimeshaenea fukwe nyingi za ziwa, matanga aliyoshona kwa wingi yalikuwa ya mashua yake mwenyewe. Wateja walimwambia, "Mama, mumeo ana kichwa," naye aliwajibu, "Kikubwa, kofia hazimtoshi," wakacheka wote. Mwenye karakana alifariki mwaka 1991, na marehemu alisema alipotoka kumzika alijua kwamba hakuna tena wa kumsingizia. Mwezi Julai 1998 chama kilimpa nishani, akapanda jukwaani akiwa na karatasi mfukoni mwa shati yenye sentensi moja aliyoiandika wiki nzima, akaipapasa, akaiacha humo humo, akamshukuru mke wake kwa uvumilivu. Mkewe alipiga makofi pamoja na wengine.

Tarehe 21 Agosti 2015 Penseli alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na mitano, na aliyesoma historia yake kwenye mazishi ni huyu huyu anayesoma leo. Ilikuwa fupi. Ilisema alikuwa mchoraji msaidizi, mshonaji hodari wa matanga, na mke wa mbunifu wa Mbayuwayu. Marehemu alikuwa benchi la mbele, na wakati sentensi hiyo inasomwa aliinua mkono, si juu sana, usawa wa bega, na watu waliokuwa karibu wakadhani amezidiwa na joto, mtu akamletea glasi ya maji. Akayanywa. Mkono ukashuka.

Mwezi Novemba mwaka huo alifungua sanduku la bati alimokuwa mkewe akiweka vitambaa vya matanga, akakuta karatasi kumi na moja zimeviringishwa ndani ya foronya, zenye tarehe kati ya mwaka 1994 na 2001. Zilikuwa ramani za mashua nyingine, kubwa kidogo kuliko Mbayuwayu, ya watu wawili ambao si vijana tena, mlingoti wake ukiweza kusimamishwa na mtu mmoja bila kujitutumua, ukingo wake ukiwa chini upande wa kupandia, na kwenye benchi la nyuma kulikuwa na mshale na maandishi madogo ya penseli, "Benchi hili liwe na egemeo, kiuno chake kibovu." Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kila karatasi ilikuwa na herufi nne, mbili zake na mbili za mumewe. Marehemu alisema alikaa sakafuni na karatasi zile mpaka mguu ukafa ganzi, na kwamba alitamani zingekuwa na herufi mbili tu.

Siku ile ile alimpigia simu binti yake, akamwambia jambo lote kwa mara ya kwanza. Binti akasema, "Nilijua tangu nikiwa na miaka tisa, baba. Mama alinikataza kusema."

"Alikwambiaje?"

"Alisema, 'Baba yako analijua, mwache nalo.'"

Baada ya simu hiyo binti hakukanyaga kwa baba yake kwa miezi kumi na sita, naye ameruhusu jambo hili lisomwe. Amesema kwamba muda wote mama akiwa hai hasira ilikuwa ya mama, yeye aliitunza tu, na mama alipoondoka ikawa yake, hakujua aiweke wapi.

Mwezi Februari 2016 marehemu alianza kuijenga mashua ile katika kibanda alichopewa na majirani nyuma ya kiwanda cha mikate. Ilimbidi kwanza aichore sakafuni mwenyewe, yeye aliyeanguka katika somo hilo mara mbili, na hapakuwa na wa kupelekewa karatasi aigeuze. Alikosea, akafuta, akakosea, akapiga sakafu chokaa upya mara mbili, na ilimchukua miezi mitano kazi ambayo mkewe aliifanya kwa wiki tano. Mwezi Machi 2017 alikwenda chamani na barua ya kueleza ukweli, akaomba ile ramani ya zamani iliyotundikwa ukutani ishushwe, akaipeleka dirishani na kuwaonyesha pembe iliyokwanguliwa jinsi mwanga unavyopita. Walimsikiliza kwa adabu, wakamletea kiti, na katibu akamwambia, "Mzee, usijisumbue, sisi tunakuheshimu vile vile." Marehemu akamjibu kwamba hilo ndilo linalomsumbua. Fremu ikarudishwa ukutani.

Mwezi huo huo, siku ya Jumamosi, binti yake alifika kibandani bila taarifa, akamkuta ameshika ncha moja ya ubao na ncha nyingine ameifunga kwa kamba kwenye dari, kwa kuwa hakuwa na wa kumshikia. Hawakusalimiana. Aliifungua kamba, akaushika ubao, akauliza, "Unaenda wapi huu?" na tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi.

Kuhusu maradhi, mwaka 2018 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka, kwanza wa kushoto, kisha yote miwili, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa neva usio na tiba ya kuuondoa. Mikono ile ambayo mwalimu alisema haina mfano ikawa haiwezi kufunga kifungo. Aliendelea na kazi kwa kufungiwa randa kiganjani kwa kitambaa, na saa za asubuhi, dawa ikiwa bado ina nguvu, aliweza kupiga misumari mitatu au minne, siku nyingine mmoja, siku nyingine alikaa tu kwenye kigoda akimwelekeza binti kwa macho. Tarehe 11 Novemba 2022 ndiyo siku yake ya mwisho kugusa mashua ile. Zimebaki mbao mbili za juu hazijapigiliwa, mashua haina mlingoti, na benchi la nyuma limekamilika, lina egemeo, ingawa hakuna aliyelikalia.

Tarehe 11 Januari 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu. Siku alipotoa agizo lile, dada yake alijaribu kumzuia, akamwambia, "Kaka, wewe na wifi mtakuwa wote chini, nani atafaidika?" Marehemu alichukua muda mrefu kujibu kwa sababu ya pumzi. Akasema, "Uongo wangu uliusoma wewe, na hukujua. Safari hii soma ukijua. Usinisitiri." Akafumba macho, wakadhani amelala, kisha akaongeza kwamba hataki alazwe kando ya mkewe mpaka binti aulizwe, na binti akikataa, azikwe popote penye nafasi, wala watu wasimlaumu.

Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, marehemu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na minne, binti yake akiwa ameushika mkono wake, na binti anasema mkono uliacha kutetemeka kabla ya pumzi kukata, kwa hiyo kwa dakika chache aliushika kama ulivyokuwa zamani.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, dada mmoja, na mafundi wengi aliowafundisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi aliyemnyoa ndevu kila asubuhi kwa kuwa aligundua kwamba mgonjwa anaona aibu kuonekana hajanyolewa. Tunawashukuru majirani wa nyuma ya kiwanda cha mikate, waliotoa kibanda bila kudai chochote na kuvumilia nyundo miaka saba, na mafundi wenzake, waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao na kulipiga msasa mpaka jana jioni. Tunakishukuru pia chama cha waendesha mashua kwa shada kubwa la maua lililofika asubuhi hii, lenye utepe ulioandikwa "Kwa Mbunifu wa Mbayuwayu." Tumelipokea kwa heshima, na mkitazama kushoto mtaona tumeliweka kwenye kaburi la mke wake, maana ndiko lilikoandikiwa.

Mmeona pia kwamba kaburi la marehemu limechimbwa hapo hapo kando. Binti aliulizwa jana mchana mbele ya ukoo mzima, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akarudi akasema, "Mlazeni hapo. Mama hakuwahi kumfukuza." Hakusema amemsamehe, na hakuna aliyemwuliza.

Kaka yetu, uliyotuagiza tumeyasoma, hatukukusitiri hata kwa neno moja, na bado tunakulilia. Nenda kapumzike kwa amani.